UCHAMBUZI: Mapafu yaweza kusubiri, mbona haraka?

TANGAZO lililotolewa na Wizara ya Afya ya Marekani mnamo Julai 2025 liliwashtua wengi waliodhani kwamba suala la kutumia viungo vya marehemu kuokoa walio hai lilikwisha kutatuliwa zamani katika taifa hilo tajiri.

Maafisa wa serikali walikuwa wamechunguza visa 351 vilivyoshughulikiwa na shirika moja la kukusanya viungo linalohudumu katika jimbo la Kentucky na maeneo jirani. Katika visa hivyo, idhini ya kutoa viungo ilikuwa imepatikana lakini shughuli yenyewe haikukamilishwa.

Visa 103 vilipatikana kuwa na mambo ya kutilia shaka. Wagonjwa 73 walikuwa na dalili za ubongo ambazo hazikuafiki kuendelea na shughuli hiyo. Isitoshe, wagonjwa wasiopungua 28 huenda walikuwa hawajakata roho wakati shughuli ya kutoa viungo ilipoanzishwa.

Kisa kilichochochea uchunguzi huo kilitokea mwaka 2021. Mwanamume mmoja aliyekuwa amefikishwa katika chumba cha upasuaji ili viungo vyake vitolewe alianza kujisogeza na kutokwa na machozi. Madaktari wa hospitali walikataa kuendelea, na baadaye mgonjwa huyo akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa hai.

Baada ya habari hizo kuenea, Wamarekani wengi waliondoa majina yao katika sajili ya wanaokubali kutoa viungo wakifariki. Hasara ya hatua hiyo haikuliangukia shirika lililolaumiwa. Iliwaangukia wagonjwa waliolala hospitalini wakisubiri figo, ini, moyo au mapafu, ambao hawakuwa na hatia yoyote.

Kiini cha mjadala huu ni utoaji wa viungo baada ya moyo kusimama na damu kukoma kuzunguka mwilini. Njia hii imepanuka kwa kasi. Mwaka 2024, Marekani ilifanya upandikizaji wa viungo zaidi ya 48,000, na zaidi ya wahisani 4 kati ya kila 10 waliotoa viungo baada ya kufa walifariki kwa namna hiyo. Nchini Uhispania, ambayo kwa zaidi ya miaka 30 imeongoza duniani kwa idadi ya wahisani ikilinganishwa na idadi ya watu, wahisani wa aina hii sasa ni takriban nusu.

Miongoni mwa viungo vyote vinavyopatikana kwa njia hii, mapafu ndiyo yenye fundisho kubwa zaidi kwa mjadala wa sasa. Sababu ni kwamba mapafu, kuliko viungo vingine vikuu, yanaweza kusubiri. Na ikiwa yanaweza kusubiri, basi wanaoharakisha hawana pa kujificha.

MWANZO WAKE

Watu wengi huichukulia njia hii kuwa mpya. Ukweli ni kwamba upandikizaji wa kwanza kabisa wa pafu la binadamu ulifanywa kwa njia iyo hiyo.

Mnamo Juni 11, 1963, Dkt James Hardy wa Chuo Kikuu cha Mississippi, mjini Jackson, alimpandikiza mgonjwa wa saratani pafu la mtu aliyefariki kutokana na mshtuko wa moyo. Mpokeaji, ambaye alikuwa mfungwa wa kifungo cha maisha, aliishi siku 18 pekee. Hata hivyo, pafu lenyewe lilifanya kazi. Kilichomuua ni figo zilizoharibika.

Wakati huo hapakuwa na njia nyingine. Mtu alihesabiwa kuwa amekufa moyo wake uliposimama na pumzi ikakatika, kama ambavyo binadamu wamekuwa wakihesabu tangu jadi.

Mambo yalibadilika baada ya Dkt Christiaan Barnard kupandikiza moyo wa kwanza wa binadamu mjini Cape Town mnamo Desemba 1967. Agosti 1968, jopo la Chuo Kikuu cha Harvard lilipendekeza kwamba mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa ahesabiwe kuwa marehemu, hata kama mashine ingali inamsukumia hewa na moyo ungali unapiga.

Pendekezo hilo liliwapa wapasuaji nafasi waliyoitamani: viungo vilivyoendelea kupata damu hadi dakika ya mwisho. Kwa miaka mingi iliyofuata, mapafu ya waliofariki kwa kusimama kwa moyo yakawa yanazikwa nao.

Upandikizaji wa mapafu wenyewe ulikawia kufaulu. Ni mwaka 1983, mjini Toronto, Kanada, ambapo Dkt Joel Cooper na wenzake walimpandikiza mgonjwa pafu moja akaishi kwa miaka kadhaa. Dawa ya saiklosporini, ambayo huzuia kinga ya mwili kukishambulia kiungo kigeni, ilichangia pakubwa katika ufanisi huo.

Ufanisi ukazaa uhaba. Kadiri wagonjwa wengi walivyoandikishwa, ndivyo ilivyodhihirika kwamba mapafu hayatoshi. Kwa kawaida, mtu aliyekufa ubongo huwa amekaa kitandani kwa siku kadhaa akiwa na mpira kooni. Mapafu yake hupata nimonia, hujaa maji au hujeruhiwa na mashine. Ndiyo maana kwa miaka mingi ni takriban mhisani mmoja kati ya watano tu ambaye mapafu yake yalifaa, ilhali figo zake zingefaa bila tatizo.

KIUNGO KINACHOPUMUA

Hapo ndipo watafiti waliporejea kwa swali la Hardy. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dkt Thomas Egan wa North Carolina alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba mapafu hubaki hai kwa muda baada ya damu kusimama.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Moyo, ini na figo hupata hewa ya oksijeni kupitia damu peke yake. Damu ikikoma, viungo hivyo huanza kufa njaa papo hapo. Mapafu ni tofauti. Vifuko vyake vidogo vimejaa hewa, na chembechembe zinazovizunguka zinaweza kufyonza oksijeni moja kwa moja. Alimradi mapafu yamejazwa hewa, yana akiba ya kuyasitiri kwa muda.

Mwaka 2000, Dkt Stig Steen na wenzake mjini Lund, Uswidi, walithibitisha jambo hilo kwa binadamu. Mgonjwa alikuwa amefariki kwa mshtuko wa moyo baada ya juhudi za kumwokoa kugonga mwamba. Jamaa zake waliombwa idhini, wakakubali. Mapafu yake yalipoezwa yakiwa bado ndani ya kifua, yakatolewa, yakapimwa nje ya mwili kwa kupitishiwa damu na hewa, kisha moja likapandikizwa kwa mwanamke aliyekuwa akiugua maradhi sugu ya mapafu. Taarifa yao ilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2001.

Jijini Madrid, madaktari walianza kutumia mapafu ya watu waliozirai barabarani au majumbani na kushindwa kuhuishwa. Huko Toronto, kundi la Dkt Shaf Keshavjee liliboresha mtambo ambao huyaweka mapafu katika kuba la kioo, yakipumua na kupitishiwa maji maalumu kwa saa kadhaa, huku madaktari wakiamua kama yanafaa au la.

Matokeo yamezima hofu nyingi. Takwimu za vituo 22 katika nchi mbalimbali, zilizochapishwa mwaka 2019, zilihusisha zaidi ya wagonjwa 1,000 waliopokea mapafu ya wahisani ambao mioyo yao ilikuwa imesimama. Baada ya miaka 5, takriban 6 kati ya 10 walikuwa hai, idadi ambayo haikutofautiana na ya waliopokea mapafu ya wahisani waliokufa ubongo.

Kwa hivyo, swali la iwapo mapafu haya yanafaa limejibiwa. Swali lililosalia si la mapafu. Ni la namna mwenye mapafu anavyoagwa.

DAKIKA TANO

Utaratibu unaotumika sana unahusu mgonjwa mahututi ambaye hana tena matumaini ya kupona. Madaktari wake pamoja na jamaa huafikiana kwamba mashine inayompumulisha iondolewe. Uamuzi huo unapaswa kufanywa kwanza, peke yake. Ni baada ya hapo tu ndipo suala la viungo huruhusiwa kutajwa.

Mashine huondolewa. Mgonjwa hupewa dawa za kumwondolea maumivu. Kundi la wapasuaji husubiri mahali pengine. Ikiwa moyo hautasimama katika muda uliowekwa, ambao mara nyingi huwa saa moja hadi tatu, shughuli hufutwa na mgonjwa hurejeshwa wodini kutunzwa hadi siku yake itakapofika.

Moyo ukisimama, hakuna anayeruhusiwa kumgusa kwa muda maalumu. Marekani huhesabu dakika 2 hadi 5. Uingereza na Uhispania huhesabu 5. Italia, kwa mujibu wa sheria yake, hudai dakika 20 za moyo kutoonyesha dalili yoyote ya umeme kwenye mashine.

Dakika hizo hazikuwekwa kiholela. Mwaka 2021, watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 631 waliofariki baada ya kuondolewa mashine katika hospitali za Kanada, Jamhuri ya Cheki na Uholanzi. Miongoni mwa waliokuwa na rekodi kamili, asilimia 14 mioyo yao ilionyesha mwendo kidogo baada ya kusimama. Muda mrefu zaidi kati ya kusimama na mwendo huo kurejea ulikuwa dakika 4 na sekunde 20. Hakuna hata mmoja aliyerejewa na fahamu.

Utafiti huo unaeleza mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, dakika 5 zinatosha, lakini kwa wembamba wa kutisha. Pili, anayepunguza dakika hizo hadi 2 anategemea bahati.

Hapa ndipo mapafu yanapotoa ushahidi wake. Hospitali za Milan zimepandikiza mapafu kwa ufanisi licha ya kulazimika kusubiri dakika 20. Isitoshe, majaribio yaliyofanywa na hospitali za Toronto, Vienna na Madrid yameonyesha kwamba mapafu yakihifadhiwa katika nyuzi 10 badala ya kwenye barafu, hukaa salama kwa saa nyingi zaidi, hata upasuaji wa usiku wa manane ukaahirishwa hadi asubuhi.

Ikiwa mapafu yanaweza kusubiri dakika 20 katika kifua cha marehemu na kusubiri usiku kucha katika sanduku, haiyumkiniki kudai kwamba wokovu wa mpokeaji unategemea kupunguza dakika 3 za heshima kwa anayeaga.

Wanaotetea haraka wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema kwamba ini na moyo havina ustahimilivu wa mapafu, na kwamba kila dakika inayopotea ni mgonjwa mwingine anayezikwa. Hoja hiyo ni ya kweli kwa viungo hivyo. Lakini njia iliyobuniwa kuitatua ndiyo imezua utata mkubwa zaidi.

Njia hiyo ni kuurejesha mzunguko wa damu ndani ya mwili wa marehemu kwa pampu, baada ya kifo kutangazwa, huku mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo ikiwa imefungwa. Mwaka 2021, Chuo cha Madaktari cha Marekani kilitaka njia hiyo isitishwe kwa muda. Kilihoji: ikiwa mtu alitangazwa marehemu kwa sababu damu yake imekoma kuzunguka, je, ni halali kuizungusha tena na kuendelea kumwita marehemu?

Uhispania na mataifa kadhaa yanaikubali njia hiyo kwa masharti. Mengine yanasita. Mapafu hayahitaji kuingizwa katika mgogoro huo. Yanaweza kutolewa, kupoezwa na kupimwa nje ya mwili bila damu ya marehemu kusukumwa tena.

FUNZO LA JAPANI

Kuna watakaosema kwamba imani ya umma ni jambo la hisia, na kwamba sayansi haifai kuburutwa na hisia. Historia ya Japani inawakanusha.

Agosti 1968, mpasuaji Juro Wada wa Sapporo alipandikiza moyo wa kwanza nchini humo. Mpokeaji aliishi siku 83. Baada ya kifo chake, maswali yaliibuka iwapo mhisani alikuwa amekufa kweli, na iwapo mpokeaji alihitaji moyo mpya. Wada alichunguzwa kwa tuhuma za mauaji. Kesi haikufika mahakamani kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Lakini mahakama ya umma ilikuwa imekwisha kuamua. Japani, iliyokuwa na madaktari hodari na mitambo ya kisasa, haikupandikiza moyo mwingine hadi Februari 1999, baada ya sheria maalumu kupitishwa mwaka 1997. Kwa zaidi ya miaka 30, wagonjwa walikufa kwa sababu ya shaka iliyozaliwa katika chumba kimoja cha upasuaji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa upande wa dini, milango haijafungwa jinsi wengi wanavyodhani. Papa Pius XII aliwaambia madaktari mnamo Novemba 1957 kwamba ni jukumu lao kutambua wakati wa kifo, na kwamba hakuna wajibu wa kumlazimishia mgonjwa asiye na matumaini mbinu zisizo za kawaida. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, lilizitambua alama mbili za kifo: kusimama kabisa kwa moyo na pumzi kusikorejeka kwa uamuzi wa madaktari, na kukoma kabisa kwa kazi za ubongo.

Alama ya kwanza ndiyo ambayo kila mzee wa kijiji anaitambua. Kwa maana hiyo, utoaji wa viungo baada ya moyo kusimama uko karibu zaidi na desturi za watu kuliko kifo cha ubongo, ambapo jamaa huambiwa mpendwa wao amefariki huku kifua chake kikipanda na kushuka mbele ya macho yao. Lakini ukaribu huo una sharti moja. Kusimama kwa moyo kuwe kusimama kweli.

KENYA IKO WAPI?

Kenya haijafikia hatua ya kupandikiza mapafu. Mgonjwa anayehitaji tiba hiyo hana budi kuitafuta ng'ambo, mara nyingi kwa harambee ya jamaa na marafiki. Figo zinazopandikizwa humu nchini kwa kawaida hutoka kwa watu walio hai.

Hata hivyo, sheria ilikwisha kutangulia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu mwenye akili timamu kutoa mwili au viungo vyake vitumike baada ya kifo chake, kwa wasia, kwa hati iliyotiwa saini na kushuhudiwa na watu wawili, au kwa tamko la mdomo mbele ya mashahidi wawili. Uganda nayo ilipitisha sheria yake ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023.

Vilevile, Kenya imekwisha kuonja uchungu wa imani kuvunjika. Aprili 2025, Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret kufuatia madai ya biashara ya viungo, na kuunda kamati ya uchunguzi. Ikiwa viungo vya walio hai, wanaoweza kusema na kulalamika, vimezua tuhuma kama hizo, ni dhahiri kwamba viungo vya wasioweza kusema vitahitaji ulinzi maradufu.

Ulinzi huo hauhitaji mitambo ya mamilioni. Unahitaji kanuni chache zilizoandikwa waziwazi kabla ya kisu cha kwanza kunolewa.

Daktari anayeshauri mashine iondolewe asiwe na uhusiano wowote na wanaosubiri viungo. Anayetangaza kifo asiwe yule atakayepasua, wala asilipwe naye. Dakika za kusubiri ziwekwe katika sheria, wala zisiachiwe kila hospitali kujiamulia. Mfanyakazi yeyote, awe muuguzi au mtaalamu wa dawa za usingizi, awe na mamlaka ya kusimamisha shughuli anapoona dalili ya uhai, bila kuhofia kazi yake. Na kila kisa kilichosimamishwa kiandikwe na kuchunguzwa, kwani ni katika visa vya namna hiyo ambapo makosa ya Kentucky yalikuwa yamejificha.

Muhimu zaidi, mjadala uanze sasa, wakati hakuna mgonjwa kitandani wala mpasuaji mlangoni. Jamaa anayesikia kwa mara ya kwanza kuhusu kutoa mapafu ya mzazi wake usiku ule ule anapofiwa, hawezi kulaumiwa akikataa.

Mtu anayeishi kwa mapafu ya mwingine huwa amepewa zawadi ambayo hawezi kuilipa. Aliyeitoa hayupo kupokea shukrani. Kitu pekee ambacho jamii inaweza kumrudishia ni uhakika kwamba hakuna aliyeuharakisha mwisho wake kwa ajili ya mwingine. Wataalamu wa mapafu wamekwisha kuonyesha kwamba uhakika huo haupunguzi uhai wa mpokeaji. Kilichobaki ni kwa watunga sheria na wasimamizi wa hospitali kuuandika, na kuutii hata usiku ambapo hakuna anayewatazama.